Mbwa Tisa wa Bwana Mifugo

Kabla sijaanza kumsema mzee wa watu, tuelewane: mimi si mtu wa mbwa. Sijawahi kuwa. Nauza mchele sokoni Kahama, nakaa Nyahanga, na kwa miaka sita sasa anayefika kwangu anakuta mbwa wawili au watatu wamelala mlangoni, na hakuna hata mmoja aliye wangu. Majirani wananiita yaya wa mbwa. Mwanzoni walikuwa wananitania, siku hizi wanalisema kawaida tu, kama mtu anavyoitwa fundi baiskeli. Aliyeniingiza kwenye kazi hii isiyo na mshahara wala likizo ni Bwana Mifugo. Na mwaka huu, alipoondoka, aliniachia mbwa tisa niwatafutie nyumba kabla kiwanja chake hakijakabidhiwa kwa mnunuzi. Nimechoka. Nasema mapema ili msije mkaningojea maneno matamu.

Jina lake nalijua, lakini sijawahi kulitumia na sitaanza leo. Mtaa mzima ulimwita Bwana Mifugo, hata miaka mingi baada ya kustaafu, hata watoto ambao hawajawahi kumwona na ng'ombe. Alizaliwa wapi, ukoo gani, sikuuliza. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti la kaki lililopasuka mifuko kwa kubebeshwa vitu visivyobebwa mfukoni: mabomba ya sindano, kamba, vichwa vya samaki, mara moja mtoto wa mbwa mzima mzima. Alinukia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ukiwa jikoni unajua amefika kabla hajapiga hodi.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ghala la zamani la pamba, lisilo na mlango, na humo ndimo alimoweka mbwa. Mfadhili hakuwa naye, bango hakuwa nalo. Alikuwa na sisi tu, watu saba au wanane wa mitaani, tuliokuwa tukichukua mbwa mmoja mmoja nyumbani mpaka apone au apate mwenyewe. Alituita walezi. Ukishamkubalia mara moja, umekwisha. Mimi nilikwisha siku aliyokuja kuchanja kuku wangu kideri. Akamaliza, akafunga boksi lake, halafu akaniuliza kama ninaweza kumwekea mbwa mmoja siku tatu tu. Mapacha wangu, Kulwa na Doto, walikuwa wamehamia Mwanza kutafuta maisha, nyumba kimya, nikasema sawa. Siku tatu za Bwana Mifugo zilikuwa miezi minne.

Alikuwa muongo, yule mzee. Watu wanamsifu sasa kama mtakatifu, mimi nasema alikuwa muongo. Kila mbwa kwake alikaa siku tatu tu, na kila mbwa alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Aliwahi kuniletea dume lisilo na jino hata moja mbele, linatembea kama bibi aliyetoka kubeba wajukuu wa wenzake, nikamuuliza huyu naye? Akajibu, "Mwaka na nusu. Amepata shida tu." Akaondoka haraka na pikipiki yake kabla sijabadili mawazo.

Salamu alianza na mbwa. Akipita asubuhi anasimama mlangoni, anainama kidogo, anasema kwa Kisukuma "Mwangaluka," na anangoja kabisa, kana kwamba ataitikiwa. Ndipo anakugeukia wewe. Nilimwambia siku moja kwamba mimi ni mtu mzima, nina wajukuu njiani, na sioni kwa nini mbwa anitangulie kusalimiwa.

"Wewe utasubiri, mayu," alisema, yaani mama. "Yeye akikasirika haelezi."

Lakini hakuwahi kumpapasa mbwa. Sikumwona hata mara moja. Aliwashika kuwatibu, kuwafungua kinywa, kuwaosha vidonda vyenye funza, basi. Hakuwaruhusu ndani ya nyumba yake. Hakuwa na mbwa wake mwenyewe, wote walikuwa wa kupita. Nilipompeleka mbwa wangu wa kwanza kwa watu waliomchukua moja kwa moja, machozi yalinitoka, mtu mzima mimi, na Bwana Mifugo akanivuta pembeni. "Kalilie nyumbani, Mama Kulwa. Hapa unamtisha." Nilimchukia wiki nzima.

Halafu kulikuwa na fundi cherehani, Mwislamu kutoka Kigoma, aliyekuja kufuata wateja wa machimboni akabaki. Yeye alikubali kulea mbwa uani kwa huruma tu, ila alikuwa na shida na chombo cha chakula, mate ya mbwa na swala yake. Mtu mwingine angesema basi, tutafute mlezi mwingine. Bwana Mifugo alikwenda kila siku asubuhi, miezi mitatu, kulisha na kuosha lile bakuli mwenyewe na kulining'iniza nje ya uzio. Hakumwambia fundi kwamba anatoka mbali. Fundi alidhani anapita tu.

Chakula chenyewe kilikuwa pumba za mahindi na mapanki, yale mabaki ya sangara yanayoletwa kutoka ziwani. Alipika kwenye pipa lililokatwa katikati, na harufu yake iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye mchele wangu. Nimewahi kupoteza wateja kwa ajili ya mapanki. Nilipomlalamikia alinipa ndimu mbili.

Wasiojua machimbo niwaeleze. Dhahabu ikisikika mahali, hata katikati ya shamba la mihogo la mtu, watu wanamiminika kwa siku mbili. Hiyo ndiyo rashi. Mashimo yanachimbwa, yenyewe yanaitwa maduara, maturubai yanafungwa juu yake, mama lishe wanapanga masufuria, na kila duara linatafuta mbwa wa kulinda mawe yasiibwe. Mbwa anafungwa pale mdomoni mwa shimo, anakulia pale. Siku moja inasikika rashi nyingine upande wa Geita huko, na watu wanahama kama walivyokuja. Wanabeba sururu, pampu ya maji, godoro. Mbwa wanamwacha. Bwana Mifugo hakukubali mtu aseme ni ukatili. Alisema wanadhani watarudi, na duara lisilo na mbwa linachukuliwa na mwingine. "Wamemwacha kazini," ndivyo alivyosema. Na mbwa anabaki kazini mwezi mzima, analinda shimo lililojaa maji.

Mbwa wa namna hiyo haondoki kwa kamba. Ukimvuta anajinyonga. Mzee alikuwa amegundua, sijui baada ya kukosea mara ngapi, kwamba ukikata kipande kikubwa cha turubai lililofunika duara lile, lenye moshi na jasho na udongo wa pale, ukalitandika kwenye kreti la pikipiki, mbwa anapanda mwenyewe na kulala juu yake. Kwake yeye kazi imehama, basi. Ukifika nyumbani unalitandika mlangoni, na hapo ndipo anapolinda. Kila Jumamosi mlezi anakata ukanda mwembamba, upana wa kiganja. Turubai linapungua wiki hadi wiki, mbwa anazidi kulalia udongo wa kwako, mpaka siku turubai limekwisha na yeye bado yupo. Baada ya hapo anaweza kutafutiwa nyumba. Mkasi alitugawia mwenyewe, na sharti lilikuwa moja tu: usilifue.

Mimi nililifua.

Nitaeleza, ingawa maelezo hayasaidii. Nilikuwa na mbwa jike wa rangi ya kijivu, Kijivu tukamwita, mbwa mzuri, masikio yamesimama, macho makali, ana wiki mbili tu kwangu. Na watu walikuwa wanakuja kumposa Doto. Washenga wanne, wakubwa, kutoka Kishapu, na mlangoni kwangu kuna dude linanuka moshi, mkojo na mafuta ya pampu. Nani angeweza? Nililisugua kwa sabuni ya unga, nikalianika uani. Kijivu alikuja, akalinusa kwenye kamba, akazunguka, akanusa tena. Wageni walipoinuka kuondoka hakuwepo.

Bwana Mifugo alimtafuta wiki tatu. Alimkuta kulekule, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki, kwenye duara lake, amekonda, anakunywa maji ya mwalo, yale madimbwi wanamooshea mawe na zebaki. Aliporudi naye alikuwa mbwa mwingine. Miguu inatetemeka, macho yameingia ukungu, na kila baada ya siku chache anaanguka na kupiga miguu kama mtoto mwenye degedege. Mzee alisema ni zebaki. Baadaye alisema hajui.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza, ningejua pa kujitetea. Alimshusha Kijivu kwenye kreti, akaniuliza, "Wakwe walifika?" Nikasema walifika. "Walikula vizuri?" Nikasema walikula. "Basi," akasema, akampeleka ghalani kwake. Kuanzia siku ile hakumpeleka kwa mlezi yeyote. Alikaa naye miaka miwili, na mimi kila Jumapili nilikwenda kumlisha kwa mkono, kwa sababu mdomo wake ulikuwa unalikosa bakuli.

Kuna jambo jingine la kumhusu ambalo wazee wa Kahama wanalijua na vijana hawalijui. Zamani alipokuwa kazini, wilaya nyingine huko, kazi yake mojawapo ilikuwa kuua mbwa. Kichaa cha mbwa kikitokea, au malalamiko ya mbwa wazururaji yakizidi, alikuwa anatega nyama yenye sumu jioni, na asubuhi anapita na mkokoteni kuokota. Aliniambia mwenyewe, tukiwa tunasugua pipa. Hakushusha sauti. Alisema wengine walikuwa na kamba shingoni, kumaanisha wana wenyewe. Nikamuuliza ni nini basi kilichombadilisha. Nilitegemea aseme Mungu, au ndoto, au mtoto fulani aliyelia.

"Nimestaafu," alisema.

Nilicheka siku ile. Sasa nadhani alikuwa anasema kweli. Mtu akiagizwa anafanya, na akiachwa huru anafanya anachotaka, na yeye alisubiri mpaka nywele zikawa nyeupe ndipo akafanya anachotaka. Paka, kwa mfano, hakuwataka. Alisema paka anajitafutia, hahitaji kamati.

Alipata kiharusi akiwa anakoroga mapanki. Mwiko ulikutwa bado uko kwenye pipa. Upande wa kulia wote ukalegea, mdomo ukaenda pembeni, na binti yake, nesi huko Shinyanga, akaja na gari la wagonjwa kumchukua. Watoto wake walikuwa wamekubaliana kuuza kiwanja, na sikuwalaumu. Nani angekaa pale? Kabla gari halijaondoka aliniita dirishani. Maneno yalimtoka kwa shida.

"Tisa, mayu. Usimwache hata mmoja hapa."

Nilijua maana yake. Ghala lingebomolewa, mbwa wangetawanyika mitaani, na mbwa wa mitaani mwisho wake unajulikana. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Mtu yuko kwenye gari la wagonjwa, utamwambia nini kingine.

Miezi mitatu nilizunguka. Asubuhi sokoni, mchana kwa miguu nyumba hadi nyumba, jioni pipa. Walezi wenzangu walianza kuzima simu, nami ningezima kama ningekuwa wao. Wawili walikwenda mashine ya kukoboa mpunga. Mmoja fundi cherehani aliomba abaki naye kabisa, na siku hizi bakuli anaosha mwenyewe, kaweka ndoo maalumu na mchanga. Mmoja kwa mlinzi wa sekondari. Wawili kwa masista. Mmoja kwa mama wa mnadani aliyemwangalia meno kama anayenunua ndama. Wa nane alimchukua dereva wa fuso na nilimkatalia mara mbili kabla ya kukubali. Kusema kweli nilidanganya pia. Wote nane walikuwa na mwaka na nusu.

Akabaki Kijivu. Watu walikuja, wakamwona anavyotetemeka, wakasema wataongea na mama watoto. Mmoja alisema mbwa wa hivyo ana mkono wa mtu, amerogwa, akaondoka bila kuaga. Mwingine alimtaka kwa ajili ya kuzalisha tu na nikamfukuza. Siku za kukabidhi kiwanja zilibaki tano, zikabaki tatu.

Hapa ndipo mtu anaponiuliza, si ungemchukua wewe? Ningeweza. Nilikuwa na mbwa watatu mlangoni, Doto alikuwa amekuja kukaa na mtoto wake mchanga, Kijivu akianguka ilibidi mtu awepo kumwondoa kwenye moto. Hizo ni sababu, na zote ni za kweli. Lakini ningeweza. Nilichoka. Nilikaa kwenye kiroba cha mchele, nikajisikia nimechoka mpaka kwenye meno, na nikampigia simu dada daktari wa mifugo anayehudumia mtaa wetu siku hizi.

Alikuja asubuhi na sindano mbili. Nilimpikia Kijivu mapanki peke yake, bila pumba, akala kwenye kiganja changu yote. Dada alisema ninaweza kusubiri nje. Nikakaa chini, nikaweka kichwa chake mapajani, nikamshika. Hakutetemeka mwishoni. Tulimzika nyuma ya ghala, nami nikaenda sokoni kwa sababu ilikuwa siku ya soko.

Wiki mbili baadaye nikapanda basi kwenda Shinyanga. Binti yake anakaa upande wa Ibadakuli, nyumba safi, sakafu ya vigae. Alinipokea vizuri, akaniomba nisimchoshe baba, akaenda jikoni kuchemsha chai. Bwana Mifugo alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amenyolewa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Hakunukia chochote. Nilimwamkia shikamoo na akaitika marahaba, taratibu, mdomo ukiwa bado pembeni.

Hakuuliza habari za nyumbani. Alianza na mbwa, mmoja mmoja, kwa alama zao: yule mweusi, yule wa sikio lililokatwa, wale ndugu wawili. Nikamweleza kila mmoja alipo. Alifurahi sana kuhusu fundi cherehani, alitaka kujua ndoo ya mchanga ina rangi gani. Nilimwambia ya bluu.

"Na Kijivu?"

Nilikuwa nimejiandaa tangu kwenye basi. Nikamwambia kuna mwalimu mmoja wa Mhunze, ana uwanja mkubwa wenye miarobaini, mke wake kampenda sana. Nikaongeza kwamba amenenepa. Sijui kwa nini niliongeza hilo.

Alinitazama. Jikoni vikombe vilikuwa vinagongana.

"Ulimshika mwenyewe?"

Nilifikiria kujifanya sijamwelewa. Kisha nikasema nilimshika.

"Kichwa?"

"Kichwa. Nilikilaza hapa," nikaonyesha mapaja yangu. Nilimwomba anisamehe. Nilimwambia kila kitu, dada daktari, siku tatu zilizobaki, kiroba cha mchele. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimechoka, na kwamba ni mimi niliyefua turubai, na kwamba kila ninapofunga macho namwona ananusa ile kamba.

Aliinua mkono wake wa kushoto kunizuia.

"Nilijua hakuna atakayemchukua," alisema. "Nilijua tangu mwaka juzi. Dawa nilikuwa nayo kabatini, mayu. Kila mwezi nasema mwezi huu. Nilishindwa. Nikakuachia wewe."

Hasira ilinipanda, sitaki kuficha. Miezi mitatu nimebisha milango ya watu, nimesemwa, nimejiona muuaji, kumbe yeye alikaa kwenye gari lile dirishani akijua. Nilitaka kusimama niondoke. Nilimtazama, shati lake jeupe, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine, na nikabaki nimekaa.

"Ungeniambia," nilisema. "Ungeniambia tu, mzee, nikajua ninaachiwa nini."

"Ungekataa."

Binti yake aliingia na chai, akaweka kikombe changu mezani, akatoka. Nikakivuta kikombe. Ni kweli, ningekataa.